Fomu Mbili na Mwezi wa Iringa

Niliondoka Mbeya kwenda Iringa kwa sababu Baba alikuwa na kalamu moja na mimi nilikuwa na fomu mbili.

Fomu ya kwanza ilikuwa ya chuo cha Uganda, ambako nilikwisha kuahidiwa nafasi ya kusoma hesabu na fizikia. Ya pili ilikuwa ya chuo kimoja cha Uingereza kilichofundisha elimu ya nyota tupu: jua, sayari, vimondo na vyote vinavyopita huko juu. Hii ya pili ilikuja na kijitabu chenye picha ya jengo la kuba, na ndani ya kuba darubini nene kama shina la mparachichi. Nilikitia kijitabu kile chini ya mto nikakilalia miezi miwili. Msinicheke. Miaka ile ya hamsini wasichana tuliofika darasa la kumi na mbili tulihesabika kwa vidole, na aliyetaka kusoma nyota kati yetu nilikuwa mimi peke yangu, na nilijiona kweli kweli.

Nyota nilizipendea Chunya. Baba alikuwa akiwauzia wachimba dhahabu karabai na mafuta ya taa, nasi tukaishi huko kwenye vumbi, mahali ambapo mvua ni mgeni na mbingu ikiingia giza inakuwa nyeusi ti, nyota zimejaa mpaka ukingoni. Tulipohamia Mbeya mjini nikakuta ukungu na baridi, na nyota zinaonekana kwa zamu.

Baba hakutaka hata fomu moja.

"Nyota?" aliniuliza, mkasi wa kukatia kanga mkononi. "Mwanaidi, mwanangu, nyota wanazitazama wapiga ramli, na wao hawakwenda chuo."

Nikambembeleza wiki nzima. Nikamkanda miguu, nikampikia chai ya tangawizi asiyoiomba. Mwisho akasema, "Mimi hesabu zangu ni za dukani. Lakini Iringa yuko rafiki yangu Mzee Athumani, ndiye anayesimamia mambo ya kuandama kwa mwezi pale msikitini. Kakae kwake siku chache akutazame. Akiniandikia kwamba kazi hiyo unaiweza, nitatia sahihi fomu moja, utakayochagua mwenyewe. Akiniandikia huiwezi, posta wanatafuta karani, na mimi nina posa mbili sijazijibu."

Safari ilinifaa kwa jambo la pili pia. Mwalimu wangu wa shule alikuwa amenitajia mtu wa huko huko Iringa, Mwalimu Luhanga, aliyesoma Uganda kisha akakaa Uingereza, na aliyekuwa na darubini nyumbani kwake. "Usichague chuo kabla hujamwona," aliniambia. Fomu zilitakiwa zitoke posta kabla ya mwisho wa mwezi. Nikafunga mzigo.

Mwezi ishirini na saba Ramadhani, alfajiri, tulipanda basi. Nasema tulipanda kwa sababu msichana hasafiri peke yake, nikapewa Shangazi Tatu, dada yake Baba. Shangazi alikuwa mnene, mkarimu, na mwenye sauti ya kuweza kuita mtu Mbalizi akiwa sokoni Mbeya. Alipanda na kikapu cha tende, birika, mkeka, na jogoo mmoja wa zawadi.

Chimala jua lilitupata vizuri. Mama mmoja akamkaribisha Shangazi hindi la kuchoma, maana msafiri ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa ninayo," alisema Shangazi, "njaa ndiyo sina."

Saa tano kasorobo akanigusa bega. "Wewe msomi wa mbingu, magharibi bado saa ngapi?" Nikamwambia bado saa nane karibu. Saa tano na robo akaniuliza tena. Mpaka tunavuka mto pale Igawa nilikuwa nimekwisha kulitaja jua mara nyingi kuliko muadhini.

Baada ya Igawa barabara ilikuwa tope. Basi likazama magurudumu ya nyuma, dereva, Mnyakyusa mmoja mpole, akashuka akatazama, akasema "Ndaga, ndugu zangu," kama anayetushukuru kabla hatujasukuma. Tukasukuma. Kiatu changu cha kushoto kilibaki ndani ya lile tope, nadhani kipo mpaka leo. Tuliporudi kwenye viti mzee wa Igowole aliyekaa mbele yetu akageuka.

"Dada, mbuzi wangu jike amepotea tangu Jumapili. Nyota yake inasemaje?"

Kumbe Shangazi, wakati mimi nasukuma, alikwisha kulitangazia basi zima kwamba mtoto wa kaka yake anasomea nyota.

"Baba, nyota hazijui habari za mbuzi," nikamjibu.

"Aa!" akasema, amesikitika kweli. "Sasa elimu hiyo ya nini?"

Basi zima likacheka, na mimi nikanuna mpaka Makambako. Huko tulilala, Shangazi akafuturu uji na tende huku amejifunga kanga tatu kwa baridi.

Siku ya pili, jua likiwa limepungua, tulivuka daraja la Ruaha Mdogo na kupandisha mlima kuingia Iringa. Mzee Athumani alikuwa akitungoja stendi, mwembamba, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imekaa sawasawa utadhani amepimiwa na fundi seremala. Aliniuliza hali ya Baba, hali ya duka, hali ya barabara. Kuhusu nyota hakuuliza. Mkewe, Bi Rehema, alinikumbatia, akanitazama miguu, akaenda kuniletea kiatu cha binti yake bila kuniuliza cha kwangu kiko wapi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa mwezi ishirini na tisa, siku ambayo kila nyumba ya Waislamu huwa haijui ishike lipi. Mwezi ukionekana jioni, kesho ni Idi. Usipoonekana, mnafunga siku moja zaidi, mnatimiza thelathini. Akina mama huwa wanaloweka mchele kwa mkono mmoja na kuuzuia kwa mkono wa pili. Walikuwa watano uani kwa Bi Rehema, wanachambua mchele, na mazungumzo yalikuwa hayo hayo.

Hapo ndipo kiburi kilipoinuka kikavaa viatu.

Nilikuwa nimeazimwa kitabu cha mabaharia, chenye kuonyesha saa mwezi unapozaliwa. Nikaenda kukichukua. Nikafungua mbele yao, nikapitisha kidole, nikaongeza saa tatu kwa kuwa saa za kitabu ni za Uingereza. "Mwezi unazaliwa leo saa tisa alasiri," nikasema. "Jua linatua saa kumi na mbili na nusu. Basi jua likitua mwezi tayari upo. Kesho ni Idi."

"Una hakika, mwanangu?" aliuliza Bi Rehema.

"Kitabu hiki manahodha wanaendeshea meli."

Shangazi Tatu hakusubiri zaidi. Alijitupia buibui akatoka, na mimi nikamwona anavyotoka, na sikumzuia. Mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari: binti wa Mbeya amepiga hesabu, Idi ni kesho. Kuku wakachinjwa, jogoo wetu akiwa wa kwanza. Mchele ukalowekwa. Wasichana wakapakwa hina mikono na miguu. Unga wa vitumbua ukatiwa hamira ukaanza kuumuka, na unga ukishaumuka hauna subira, huwezi kuuambia ungoje kesho kutwa.

Alasiri Mzee Athumani alirudi kutoka dukani. Alisimama mlangoni akanusa. "Nani ameutangaza mwezi?" akauliza. Akina mama wote wakanitazama mimi. Nikamweleza hesabu yangu yote, na kitabu nikamwonyesha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Tutaona," akasema, akaenda kutia udhu.

Jioni tukaenda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Wazee walikwea juu, sisi wanawake tukasimama chini kidogo, upande ulio wazi kuelekea magharibi. Mawingu hayakuwapo. Upande wa jua kutua palikuwa peupe, pameoshwa na mvua ya mchana, isipokuwa kipande kidogo cha wingu kilichokuwa mbali sana, kushoto, hakina habari na mtu. Jua likatua. Tukatazama. Nikatazama mpaka macho yakatoa machozi. Hapakuwa na kitu. Adhana ikasikika kutoka mjini, watu wakafungua kwa tende na maji huku wanatazama, giza likaingia, na hapakuwa na kitu. Mzee Athumani akashuka polepole.

"Thelathini," akasema.

Weee! Msiulize. Walianza kumgeukia Shangazi. "Wewe mgeni, umetutia hasara ya mitaa miwili!" "Unga wangu nitaupeleka wapi?" "Binti yangu ana hina mpaka kwenye kiwiko, na kesho tunafunga!" Shangazi, ambaye sijapata kumwona hana jibu maishani, akanigeukia. Alikuwa ananitazama tu, na machoni alikuwa ananiuliza mimi.

Bi Rehema, Mungu ampe kheri, akanisogelea akaninong'oneza, "Sema ni wingu, mwanangu. Sema lile wingu limeufunika, yaishe."

Nililitazama lile wingu. Nawaambia kweli, nilitamani kulipenda. Barua ya kwenda kwa Baba ilikuwa mikononi mwa mzee aliyesimama hatua nne kutoka kwangu, na wingu lingeniokoa, maana nani angelipinga? Lakini lilikuwa kushoto mbali, na jua lilitua kulia, na Shangazi alikuwa amesimama peke yake.

"Si wingu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mbingu ilikuwa wazi. Na si Shangazi. Nimekosea mimi, na sijui nimekosea wapi. Nisameheni."

Kisha mama mmoja akasema, "Mwanaidi asiyeijua Idi!" na mwingine akapasuka kicheko, na wengine wakafuata, kile kicheko cha watu wenye njaa waliochoka kukasirika. Mzee Athumani hakucheka. Aliiweka kofia yake sawa akatangulia kuteremka. Afadhali angenigombeza. Vitumbua vya Idi vililiwa na mtaa mzima kwa daku, na kwa siku zote nilizokaa Iringa viliitwa vitumbua vya Mwanaidi.

Asubuhi ya siku ya thelathini, Shangazi na mimi tulitembea kwenda kwa Mwalimu Luhanga, nje kidogo ya mji. Nilikuwa sina raha hata chembe. Nilikwisha kujiona nyuma ya dirisha la posta, nagonga mihuri.

"Kamwene!" alitupokea Mwalimu, mtu mfupi wa Kihehe, Mlutheri, mwenye vishikizo vya suruali vya kuendeshea baiskeli ambavyo sidhani alivivua hata kitandani. Habari ya mwezi ilikwisha kumfikia, tena ikiwa imenona njiani. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua chungwa, akaenda dirishani jua linapoingia, akalinyoosha karibu na jua lenyewe.

"Mwanangu, tazama chungwa."

Nikatazama, nikafumba macho kwa ukali wa mwanga. "Silioni, Mwalimu."

"Lipo. Mimi nimelishika. Lipo na halionekani. Mwezi wako jana ulikuwa na umri wa saa tatu na nusu, bado umekumbatiana na jua. Kitabu hakikukosea. Kitabu kimesema umezaliwa, hakikusema umeonekana. Wewe kabla ya jana umeutazama mwezi mchanga mara ngapi, kwa macho yako?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu mara nyingi sana.

"Sijawahi," nikasema.

Akaomba fomu zangu. Ile ya Uingereza aliitazama pamoja na kijitabu, picha ya kuba akaitazama kwa heshima, nikaona na yeye aliwahi kuilalia.

"Mimi nilikwenda huko mapema mno, Uganda sijamaliza," akasema. "Nikakuta wanafunzi wanaulizana darasani maswali ya fizikia ambayo mimi hata lugha yake sina. Ule mwaka nilikuwa naikimbiza hesabu, nyota nikizisikia kwa mbali. Usichague chuo kwa picha ya darubini. Uliza fizikia inafundishwa na nani, hesabu wanaifikisha wapi, na ukitoka nje jioni unaona nini."

"Unaona nini Uingereza?"

"Mawingu," akasema, na Shangazi akapiga kofi la paja. "Na yakitoka, unaona nusu. Ule Msalaba wa Kusini tunaouona hapa kila jioni majira haya, kule hauchomozi mwaka mzima. Niliutafuta, mtoto wa watu, mpaka nikaona haya. Lakini Uganda iko kwenye ikweta. Ukisimama pale mbingu ya kaskazini unayo na ya kusini unayo, zote mbili, bure, juu ya paa la bweni. Jifunze hapo hesabu na fizikia mpaka uziote. Kisha nenda kwenye kuba yao, na hawatakuwa na la kukufundisha kwanza."

Kuikubali ile hoja kulikuwa kama kung'oa jino lisilouma. Kijitabu changu jamani!

Jioni ile tulirudi Gangilonga, na Mwalimu alikuja kwa baiskeli, darubini yake imefungwa nyuma kwa mpira kama mzigo wa miwa. Mwezi ulionekana na kila mtu, hata wenye mtoto wa jicho. Ulikuwa mwembamba, safi, mahali pake. Vigelegele vikapigwa. Mwalimu akaisimamisha darubini, na Mzee Athumani, baada ya kuomba dua, akainama wa kwanza. Alikaa humo muda mrefu sana. Alipoinuka alikuwa na machozi, akamshika Mwalimu mkono. Kisha zamu ya Shangazi.

"Salaale!" akapiga ukelele. "Mbona ana makovu ya ndui, maskini!"

Idi tuliila siku mbili. Asubuhi ya kuondoka Mzee Athumani alinikabidhi bahasha ya Baba, imebandikwa sawasawa. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote. Akaniambia, "Msalimie baba yako. Na kiatu usirudishe."

Njia nzima ya kurudi ile bahasha ilinichoma mapajani. Makambako, wakati abiria wanakunywa chai, nilitoa fomu zote mbili. Ya Uingereza nikaikunja ndani ya kijitabu, taratibu, nikakirudisha kwenye mzigo. Ya Uganda nikaijaza pale pale juu ya goti, kila mstari isipokuwa ule wa sahihi ya mzazi.

"Na kama Mzee amekukataa?" aliuliza Shangazi, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Basi posta watapata karani mwenye mwandiko mzuri."

Mbeya tulikuta ukungu na Baba dukani. Alimsalimu dada yake, akapokea bahasha, akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena tangu mwanzo. Akaikunja akaiweka chini ya mkasi.

"Nina swali moja," akasema. "Mwezi wa mfungo pili utaandama lini?"

Kitabu cha mabaharia kilikuwa mkobani. Ile saa nilikuwa nimekwisha kuitazama ndani ya basi.

"Kitabu kimetaja saa utakayozaliwa, Baba, naijua. Lakini kuonekana sijui. Siku ya ishirini na tisa nitapanda mlimani jioni nitazame. Nikiuona nitakwambia. Nisipouona nitakwambia pia."

Baba aliivuta fomu, akachovya kalamu, akatia sahihi kwa ule mwandiko wake wa kuinama, akaipuliza wino ukauke. Kisha akanisukumia barua ya rafiki yake. Nimeitunza mpaka leo, na nilisafiri nayo Uganda, na baadaye mpaka chini ya ile kuba, ambayo kweli nilikuja kuifikia. Ilikuwa na mistari michache tu:

"Binti yako alitulisha vitumbua kabla ya Idi. Vilikuwa vitamu. Alipopewa wingu la kujifichia alilikataa mbele ya watu. Mwulize mwezi ujao utaandama lini. Akikujibu siku, mwozeshe. Akikwambia atakwenda kutazama, mpeleke chuo."

Nilikuwa bado nafuta machozi pale kaunta, nikisikia Baba anapenga kamasi kwenye leso na kusingizia ukungu, Shangazi Tatu alipochungulia kutoka uani.

"Sasa mimi niambieni," akasema. "Mchele niloweke au nisiloweke?"